Unga Haupumziki

Shangazi yangu anatunza wazee Marekani. Desemba moja alitua na mizigo ya kawaida ya watu wa ng'ambo: viatu, chokoleti, simu mbili za kuuza na, katikati ya nguo, boksi jembamba. Ndani mlikuwa na vipande vya mkate vya mraba, vikavu kama kadi, vyenye madoa ya kuungua na vitobo vidogo vilivyopangwa kwa mistari iliyonyooka kama daftari la hesabu. Nilivunja kimoja nikatafuna. Chumvi hakuna, sukari hakuna, mafuta hakuna.

"Hii ni biskuti ya wagonjwa?"

"Biskuti ni wewe," akanijibu. "Huo ni mkate wa kina Musa."

Bibi anayemtunza ni Myahudi. Pasaka yao ikifika, anaweka mkate wa kawaida kando kwa siku 8 na kula huo, unaoitwa matza. Wiki mbili kabla, shangazi hupindua nyumba nzima akisaka chembe za mkate wa mwaka mzima: kwenye droo, nyuma ya friji, ndani ya mifuko ya makoti. "Ile oveni niliisugua mpaka nikajiona sura," alituambia. Na kwa vile alivyosema, ilikuwa wazi kwamba sikukuu ya bibi, kwake yeye, ni msimu wa kazi.

Hadithi yenyewe wengi wetu tuliipata Sande skuli. Waisraeli wanatoka Misri mbio, unga haujapata muda wa kuumuka, wanaubeba hivyo hivyo. Kitabu cha Kutoka, sura ya 12. Nilichokuwa sijawahi kujiuliza ni nani ameuoka mkate huo miaka yote iliyofuata. Nilipoanza kusoma nikakuta kwamba historia ya matza, ukiondoa Farao na bahari, ni historia ya vibarua.

Kanuni ni hii. Unga wa ngano ukikutana na maji, saa imeanza. Ukiachwa tu hapo bila kuguswa kwa dakika 18, unahesabiwa umechacha, hata kama hakuna aliyetia hamira, hata kama jicho halioni chochote. Wanazuoni walifikia hesabu hiyo kwa kukadiria muda wa mtu kutembea mili moja ya zamani, kama kilomita moja hivi. Kwetu ni muda wa kungoja matatu ijae, ukiwa na bahati. Na kilichochacha, yaani hametzi, Myahudi anayeshika sheria hakili wala hakimiliki wakati wa Pasaka.

Lakini sheria hiyo ina mlango wa pili. Unga ukiwa mikononi, ukikandwa, ukisukumwa, ukigeuzwa, hauhesabiwi kuchacha. Shulhan Arukh, kitabu cha sheria alichokiandaa Yosef Karo katika karne ya 16, kinakubali kwamba unga usioachwa hauchachi hata ukishughulikiwa siku nzima. Kwa hiyo kwenye boksi la shangazi viungo vilivyoandikwa ni viwili, unga na maji, lakini kuna cha tatu ambacho hakiandikwi: mkono wa mtu usiosimama. Mama yangu akikanda unga wa chapati huufunika kwa kitambaa na kuulaza nusu saa, ati ulainike. Kwenye matza, kuulaza unga ni kuharibu sikukuu.

Nyumba za kuoka matza za mkono zipo hadi leo, Brooklyn na Israeli, na zinafanya kazi kama timu ya kubadilisha magurudumu kwenye mbio za magari. Maji yaliteka jana jioni na yakalala usiku kucha yapoe. Anayemwaga unga anasimama mbali na anayemwaga maji, ili vumbi la unga lisikutane na tone kabla ya wakati wake. Vikikutana kwenye beseni, mkandaji anakanda kwa nguvu, donge linakatwa, na kina mama waliojipanga kwenye meza ndefu iliyofunikwa karatasi wanaanza kusukuma kwa vifimbo kama vyetu vya chapati. Wafanyakazi hutamka kwa sauti, kwa Kiebrania, kwamba kazi hii ni ya matza ya amri. Mwingine anapitisha kigurudumu chenye meno kutoboa vitobo, hewa isije ikainua mkate. Kisha unatundikwa kwenye mti mrefu na kuingizwa kwenye tanuri kali kiasi kwamba dakika haiishi kabla haujatoka, wa duara, umekunjamana, umeungua hapa na pale. Muda ukiisha, kila kitu kinasimama. Karatasi ya meza inatupwa, vifimbo vinabadilishwa au kusuguliwa kwa msasa, mikono inaoshwa hadi chini ya kucha. Halafu beseni jingine.

Fanya hivyo kutwa nzima, kwa wiki kadhaa.

Kwamba kazi hii ni ya mikono ya wanawake, hilo ni la kale. Kwenye Mishna, mkusanyiko wa sheria wa karibu mwaka 200 baada ya Kristo, kuna mabishano kuhusu wanawake watatu na tanuri moja. Rabban Gamliel anawaruhusu wakande wote kwa pamoja, kisha wapokezane tanuri. Wenzake wanakataa. Wanataka mmoja akande, wa pili atandaze, wa tatu aoke, pasiwe na unga unaongoja. Ndipo Rabi Akiva anaingilia kuwakumbusha kwamba wanawake hawalingani, kuni hazilingani, na tanuri hazilingani. Nampenda sana Akiva hapo. Anaongea kama mtu aliyewahi kusimama karibu na moto.

Sasa twende Ulaya ya Mashariki, karne ya 18 na 19, kwenye miji midogo ya Kiyahudi ya Poland, Ukraine na Lithuania za leo. Baridi inaisha. Sikukuu ya Purimu imepita na Pasaka iko mwezi mmoja mbele, na Pasaka ni ghali: matza, divai, vyombo vingine kabisa, nguo za watoto. Jumuiya ilikuwa na desturi ya zamani sana ya kuchanga pesa zilizoitwa fedha za ngano, maskini wapate unga wao. Lakini kulikuwa na njia nyingine ya maskini kuipata Pasaka, nayo ni kuioka. Wajane, wasichana na wake za watu wasio na kitu waliajiriwa kwa majuma hayo machache kukanda na kusukuma. Mchango unaupokea ukiangalia chini. Ujira, hata uwe mdogo vipi, unauhesabu mwenyewe.

Haikuwa kazi ya raha. Inasimuliwa kwamba Rabi Levi Yitzhak wa Berdichev, mmoja wa vigogo wa Uhasidi, aliingia nyumba ya kuoka akakuta wasichana wanafanyishwa kazi tangu alfajiri hadi usiku mkubwa. Ili uelewe alichosema, lazima ujue uongo uliokuwa unawafuata Wayahudi. Mwaka 1144 kijana mmoja aliuawa Norwich, Uingereza, na Wayahudi wa mji wakasingiziwa. Katika karne zilizofuata uzushi huo ukaota mbawa: ati Wayahudi huua watoto wa Kikristo na kutia damu yao kwenye matza. Mkate wa unga na maji! Wazushi hawakujali kwamba sheria za dini hiyo zinakataza kula damu hata ya kuku. Watu walichomwa moto kwa ajili ya uongo huo, jumuiya nzima zikafukuzwa, na bado mwaka 1911 kule Kyiv karani wa kiwanda cha matofali, Mendel Beilis, alitupwa jela kwa tuhuma ya aina hiyo hiyo, akakaa miaka miwili kabla ya mahakama kumwachilia mwaka 1913.

Basi, wanasema, Levi Yitzhak alisimama mbele ya watu wake akatamka kwamba maadui wanatusingizia damu ya Wakristo kwenye matza zetu, na si kweli. Damu iliyomo ni ya hawa mabinti wa Kiyahudi mnaowakamua.

Kuna nyingine ya Rabi Israel Salanter wa Lithuania, aliyefariki mwaka 1883. Wanafunzi wake walikuwa wanaenda kusimamia uokaji wa matza zake na wakamuuliza wawe makini na jambo gani hasa. Walitegemea kuambiwa kuhusu maji, au dakika, au vifimbo. Akawaambia mwanamke anayekanda pale ni mjane, wasimpigie kelele. Hizi ni hadithi za kusimuliwa, si kumbukumbu za mahakama, na pengine zimeongezwa chumvi njiani. Lakini watu hawatungi hadithi ya rabi kukemea unyanyasaji mahali ambapo hakuna anayenyanyaswa.

Kisha ikaja mashine.

Mwaka 1838, huko Alsace, Ufaransa, Myahudi mmoja aitwaye Isaac Singer (si yule wa cherehani, ingawa majina yanalingana) aliunda mtambo wa kusukuma unga wa matza. Ukaenea Ufaransa, Ujerumani, Hungaria, na ulipofika Galicia, jimbo lililokuwa chini ya Austria na lililojaa Wayahudi maskini, moto ukawaka. Mwaka 1859 Rabi Shlomo Kluger wa mji wa Brody alitoa pamoja na wenzake kijitabu cha kuipiga marufuku, jina lake kwa tafsiri Tangazo kwa Nyumba ya Israeli. Mwaka huo huo Rabi Yosef Shaul Nathanson wa Lemberg, mji ambao leo ni Lviv, akajibu kwa kijitabu kiitwacho Kubatilisha Tangazo. Hiyo ndiyo diss, na walikuwa wazee wenye ndevu.

Hoja za Kluger zilikuwa za aina tatu. Ya kwanza ya kiufundi: mashine ilitandaza unga na kukata maduara, vipande vya pembeni vikabaki, vikakandwa tena, na nani anajua vimekaa dakika ngapi? Na unga unaonasa kwenye meno ya mtambo je? Ya pili ya kiroho: matza ya sederi, karamu ya usiku wa kwanza, lazima itengenezwe kwa nia. Mtu anaweza kunuia. Chuma kinanuia nini?

Ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike haya. Kluger alisema kuna maskini wanaoingoja kazi hii mwaka mzima, kwamba kwa mikono yao kwenye matza ndipo wanapata mahitaji ya Pasaka, na mashine itawanyang'anya. Fikiria vizuri: ni rabi, anaandika hukumu ya kidini kuhusu kama mkate fulani ni halali, na kati ya sababu zake ni kwamba mwanamke fulani atakosa mshahara. Hakuiweka kwenye tanbihi ya huruma mwishoni. Aliiingiza kwenye hoja.

Nathanson hakuwa mtu wa moyo mgumu, na majibu yake si mepesi. Mashine haichoki, alisema. Haisinzii saa tano za usiku na donge mkononi. Inamaliza haraka, na haraka ndiyo sheria yenyewe. Nia ipo, ya mtu anayeiendesha. Kuhusu maskini, akauliza: kama tunapiga marufuku kila chombo kinachochukua kazi ya mtu, si tungepiga marufuku pia uchapishaji wa vitabu, kwa sababu waandishi wa mkono walikosa kazi?

Hapo nilifunga kompyuta nikatembea kidogo. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na kwa muda mrefu kodi yangu ililipwa na kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Najua, najua. Mtu asiye na digrii anawatafutia wengine digrii. Lakini ilikuwa doo ya kweli, na nusu ya vijana wa ploti yetu walikuwa kwenye kazi hiyo. Kisha programu za kuandika zikaja, na ndani ya miezi michache ujumbe wa wateja ukakatika kama stima. Sikumsikia kiongozi yeyote wa dini, wa mtaa wala wa serikali akiuliza sisi tutakula nini, na kusema kweli kazi yenyewe haikustahili kutetewa. Hata hivyo niliposoma hoja ya Nathanson kuhusu waandishi, akili yangu ilikubaliana naye na tumbo langu likabaki na Kluger.

Na kuna kitu mfano wake unaficha. Uchapishaji uliwamaliza waandishi wa vitabu, sawa. Lakini gombo la Torati linalosomwa ndani ya sinagogi halichapishwi hadi leo. Linaandikwa kwa mkono, herufi kwa herufi, na mwandishi anayelipwa. Sheria ililinda kazi moja ya mkono ikaachia nyingine zote. Matza nayo ilifuata njia hiyo hiyo, bila yeyote kupanga.

Mashine ilishinda kwa wengi. Mwaka 1888 rabi mhamiaji kutoka Lithuania, Dov Behr Manischewitz, alifungua kiwanda cha matza Cincinnati, Marekani, na akaendelea kuboresha mitambo mpaka unga ukawa unaingia upande mmoja na mkate unatoka upande wa pili. Matza yake ikawa ya mraba. Mraba una faida: haubakishi vipande vya pembeni, kwa hiyo ile hoja ya kwanza ya Kluger ikafa kifo cha jiometri. Pia unapangika vizuri kwenye boksi na kusafiri mbali. Familia ilijua kwamba kuuza mkate wa dini kunahitaji baraka za marabi. Baada ya mzee kufariki mwaka 1914, wanawe walianzisha shule ya dini Jerusalem kwa jina lake. Na hatuwezi kupuuza upande wa pili wa hesabu, kwamba maskini si mfanyakazi tu, ni mlaji pia, na boksi la bei nafuu liliingia nyumba ambazo zamani zingengoja mchango. Mahasidi, wao, walikataa na bado wanakataa: usiku wa sederi ni ya mkono au hakuna. Wengine, wenye msimamo mkali vilevile, wanaiamini mashine kuliko mkono. Zaidi ya miaka 160 na kesi bado iko wazi.

Niliwahi kudhani suala la ajira lilikufa na Kluger, mpaka nikakutana na andazi. Hanuka ni sikukuu ya mafuta, kukumbuka taa ya hekalu, kwa hiyo watu hula vitu vya kukaangwa. Wayahudi wengi wa Ulaya walikaanga chapati ndogo za viazi, chakula unachojipikia jikoni kwako. Leo Israeli, Hanuka ni sufganiya, andazi la duara lenye jemu ndani. Waandishi wa historia ya chakula wanaeleza kwamba katika miaka ya 1920 Histadrut, shirika la wafanyakazi lililoanzishwa Palestina mwaka 1920, lililipigia debe andazi hilo kwa sababu ambayo Kluger angeielewa mara moja: ni gumu kutengeneza nyumbani, kwa hiyo linahitaji bakeri, na bakeri inahitaji watu. Safari hii kazi ndiyo ilichagua mkate. Nisiifanye iwe tamu kuliko ilivyo, lakini. Kazi hiyo ilikuwa ya Wayahudi. Waarabu wa nchi hiyo hiyo hawakukubaliwa kuwa wanachama kamili wa Histadrut hadi mwaka 1959. Ukisikia mkate unaoleta ajira, uliza pia nani hakuitwa mezani.

Kumbukumbu la Torati inaiita matza mkate wa mateso, na marabi wa Talmudi walilisoma neno hilo pia kama mkate wa maskini. Walitoa hata picha: kama vile kwa maskini mume anawasha tanuri na mke anaoka, ndivyo na huu mkate. Sasa angalia bei. Huko Marekani boksi la mraba la mashine ni la mtu yeyote. Matza ya duara ya mkono, ya ngano iliyolindwa na maji tangu siku ya kuvunwa, bei yake ni mara nyingi zaidi ya hiyo, na huuzwa kwa kupimwa. Mkate wa maskini umegeuka kitu cha kujitafutia pesa kwanza. Na kwenye meza ndefu za Brooklyn, wanaosukuma unga wengi wamekuwa kina mama wahamiaji, waliokuja kutoka nchi zilizokuwa Muungano wa Sovieti. Msimu ukiisha, kazi imeisha.

Machi iliyopita nilimpigia shangazi, akaniweka kwenye spika kwa sababu mikono ilikuwa na sabuni. Nilimuuliza kama bibi hununua ile ya duara.

"Boksi moja tu. Tatu za usiku wa kwanza anazifunga na kitambaa cheupe, hataki mtu aziguse. Za mraba ndizo za siku zingine, na ndizo ninakula mimi."

"Unajua za duara zinatengenezwa na nani?"

"Nitajuaje?" Nikasikia mfereji ukifungwa. "Lakini hazifanani, hata mbili. Mwaka jana kulikuwa na moja nzito upande huu, upande ule nyembamba kama karatasi. Nikamwambia bibi, hapa mtu alikuwa amechoka."

"Akasema?"

"Akacheka. Akaila hiyo kwanza. Haya baba, wacha niende, kuna droo mbili sijamaliza."